Samaki wa Kwenye Jagi la Harusi



Hapa Chokocho tulipamba meza ya bibi harusi. Katikati tukaweka jagi la kioo lenye samaki wawili aina ya beta, dume mwekundu na jike lake, iwe alama ya mapenzi. Aliyetuuzia alisema watazoeana. Fungate haijaisha, jike keshakufa, mapezi yamechanikachanika. Sisi watoto wa pwani, tunaojua changu na kibua tangu utotoni, tuliona haya. Ndipo tukatafuta asili ya samaki huyu.

Kwao ni Siam, ndiyo Thailand ya leo. Huko hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani mengi, hata mashamba ya mpunga, maji kama ya mabonde yetu ya Pemba. Madume hugombana huko pia, ila aliyeshindwa hukimbilia majanini na mambo yakaisha. Binadamu ndio waliozidisha. Walichagua madume wakali, wakawazalisha vizazi kwa vizazi, wakawapiganisha na kuwekeana fedha. Inasimuliwa kuwa mwaka 1840 samaki wa mfalme wa Siam, Rama wa Tatu, walimfikia daktari wa Kidenmark, Theodore Cantor, na habari zao zikafika kwa wataalamu wa Ulaya. Jina la kitaalamu alilonalo leo, Betta splendens, yaani anayeng'ara, alipewa na Mwingereza Charles Tate Regan mwaka 1910. Baadaye wafugaji wakamrefushia mapezi yakawa kama shela. Shela likaja, hasira hazikuondoka.

Wala tusiseme ni tabia za ugenini. Unguja kuna samaki wake mdogo wa vidimbwi vya mvua, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Dume lake nalo lina rangi za kupendeza, nalo hufukuza madume wenziwe.

Katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Sisi hatukukusudia kuchochea. Lakini tuliwafungia mahali pasipo pa kukimbilia, na kwa jike yule sijui tofauti ingekuwa ipi.

Basi anayetaka beta, dume moja chombo kimoja, tena si jagi: tangi la lita 20 hivi, lenye majani na mfuniko, kwani huruka. Mfuniko uache nafasi ya hewa, maana huyu hupanda juu kuvuta pumzi. Matangi mawili yakikaa jirani, weka kadibodi katikati; madume yakionana kutwa hutunisha mashavu mpaka yakachoka. Jike huletwa siku ya kuzalisha tu, na akishataga huondolewa, kwa sababu dume ndilo linalolinda mayai kwenye povu lake. Ukitaka kumpa majirani, tafuta tangi kubwa zaidi, uanze na konokono. Samaki wenye mikia mirefu ya rangi usithubutu, atawadhani madume wenzake.

Dume letu lipo bado. Bibi harusi amelihamishia kwenye tangi, karibu na dirisha la jikoni, na mama mkwe ndiye anayelilisha asubuhi.