Orodha Ndefu na Kurasa Zake: Kutoka Manchester hadi Kabondo

Kila mwenye simu ya mkononi amekwisha kuona orodha inayojileta mafungu kwa mafungu kadiri kidole kinavyoisukuma juu. Wengi hudhani utaratibu huo ulizaliwa pamoja na simu. Sivyo. Asili yake ni uhaba, na uhaba huo twaujua vema sisi tukaao Kabondo.

Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iitwayo Atlas, kazi ya Tom Kilburn na wenzake. Kumbukumbu yake ya haraka ilitosha maneno ya mashine 16,384 tu. Ngoma yake ya sumaku, iliyokuwa nzito mwendo, ilichukua yapata 98,000. Basi habari ziligawanywa katika kurasa za maneno 512, na kila ukurasa uliletwa pale tu ulipohitajiwa. (Yatupendeza watu wa lugha kuona wahandisi wakiazima neno la wasoma vitabu.) Tukumbuke jambo moja: Atlas ilijua kila ukurasa ulipo, ikaweza kuuendea moja kwa moja.

Mwaka 2006 Mmarekani Aza Raskin alisanifu orodha isiyo na mwisho kwa kurasa za mtandao, ili msomaji asilazimike kubonyeza "ukurasa unaofuata". Baadaye alikiri hadharani kuijutia kazi hiyo, kwa kuwa ilimwondolea mtu mahali pa kusimama. Simu nazo, tangu 2008, zilirithi ubahili wa zamani: orodha iwe na majina elfu kumi, kioo huchora yale machache yanayoonekana, na safu inayotoweka juu hurudishwa chini ikiwa na jina jipya. Seva nayo hutoa fungu moja, tuseme majina 20, na kutia alama ilipokomea. Alama hiyo ni bora kuliko kuhesabu, maana jina jipya likiingizwa juu hesabu huteleza, na jina lilelile huonekana mara mbili.

Kabondo uhaba haukuondoka. Ulihama kutoka mashineni hadi mfukoni, kwa kuwa mega hununuliwa kidogo kidogo. Jioni moja binti wa jirani alinijia tutafute jina lake katika orodha ya waliokubaliwa chuoni. Jina lake laanza na W. Programu ile haikuwa na mahali pa kuandika jina, wala haikuonyesha jumla. Tulisukuma mpaka M, herufi ambayo katika majina ya kwetu ni msitu mzima. Kwenye N mega zikaisha. Aliponunua nyingine kwa faranga za mkate wa asubuhi, orodha ikatuanzisha tena kwenye A, kwani simu haikuhifadhi chochote.

"Mwalimu," akasema, "afadhali ile karatasi ya ukutani. Ningeanzia chini."

Nadhani alisema kweli kuliko watungaji wengi. Mtungaji wa programu ile alichukua nusu ya fikra ya Kilburn: alileta kidogo, akasahau kumwezesha mtu kuuendea ukurasa autakao. Kisanduku cha kutafutia, seva ikifanya kazi ya kutafuta, kingemgharimu binti yule fungu moja tu.

Jina lake tulilipata kesho yake, kwa mega za mwenzake, katika fungu la mwisho kabisa.