Tumaini na uhakika wa wokovu katika Ukatoliki (Nakuru na Bonde la Ufa la kati)

Tumaini ni fadhila ya Kimungu, pamoja na imani na mapendo. Kwa fadhila hiyo Mkristo hutamani uzima wa milele, akitegemea ahadi za Kristo na neema ya Roho Mtakatifu kuliko nguvu zake. Kanisa Katoliki hufundisha kwamba tumaini hilo ni thabiti, ila halimruhusu muumini kujitangaza kuwa tayari amefika mbinguni.

Mafundisho

Mtaguso wa Trento, katika hati yake ya tarehe 13 Januari 1547, ulifundisha kwamba hakuna ajuaye kwa uhakika kamili kuwa atadumu katika neema hadi mwisho, isipokuwa amefunuliwa na Mungu kwa namna ya pekee. Hati hiyohiyo inawaagiza wote kuutumaini msaada wa Mungu pasipo kutetereka. Hofu ya kutodumu, basi, inahusu udhaifu wa binadamu. Huruma ya Mungu haitiliwi shaka. Neema ya utakaso hupotea kwa dhambi ya mauti na hurudishwa kwa Kitubio. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inataja dhambi mbili dhidi ya tumaini: kukata tamaa, na kujitumainia kupita kiasi.

Swali la kuokoka

Uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulienea Kenya hasa miongoni mwa Waanglikana na Wapresbiteri. Waumini wake hushuhudia hadharani jinsi walivyookoka, desturi iliyo hai pia katika makanisa ya Kipentekoste. Mkatoliki akiulizwa kama ameokoka, katekesi humpa jibu lenye hatua tatu: ameokolewa kwa Ubatizo, anaendelea kuokolewa kwa sakramenti na matendo ya mapendo, na anatumaini kuokolewa siku ya mwisho. Tamko la pamoja la Wakatoliki na Walutheri la tarehe 31 Oktoba 1999 lilipunguza sana umbali wa pande hizo mbili kuhusu suala la wokovu.

Jimbo la Nakuru

Jimbo liliundwa mwaka 1968. Raphael Ndingi Mwana'a Nzeki, askofu wake kuanzia 1971 hadi 1996, alikemea kwa ujasiri mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, yaliyotikisa Molo na maeneo jirani. Ghasia zilipozuka tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, waliofukuzwa makwao walikimbilia hata viwanja vya makanisa. Tumaini la mbinguni lilidai hapo chakula, hifadhi na upatanisho.

Ibada

Waumini huhiji Subukia, ndani ya jimbo hilo, penye kituo cha kitaifa cha Bikira Maria, hasa katika Siku ya Sala ya Kitaifa kila Oktoba. Jubilei ya 2025 iliwaita Wakatoliki wote mahujaji wa matumaini.