Kobe, Kupe na Zizi: Somo la Baringo kwa Wafugaji wa Kisii na Nyamira

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, vita dhidi ya kupe hupiganwa mwilini mwa ng'ombe. Mfugaji hukagua masikio ya mfugo wake akimtafuta kupe wa kahawia aenezaye ndigana kali, hunyunyiza dawa, na shughuli huishia hapo. Makala hii inadai kwamba ukaguzi huo hautoshi. Ushahidi unatoka kwa mnyama ambaye wafugaji wachache humfikiria: kobe wa mwituni.

Kati ya mwaka 2012 na 2013, katika misimu ya mvua, watafiti walikusanya kupe 4,126 kutoka kwa mifugo na reptilia katika maboma ya kandokando ya Ziwa Baringo na Ziwa Victoria, na katika visiwa vya maziwa hayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na David Omondi na wenzake. Kupe waligawanywa katika makundi 585, kila kundi likiwa na kupe wasiozidi wanane, kisha wakapimwa vinasaba vya vimelea.

Huko Baringo, bakteria Ehrlichia ruminantium, anayesababisha maji moyo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, alipatikana katika asilimia 66.7 ya makundi ya kupe Amblyomma falsomarmoreum na katika makundi yote ya Amblyomma nuttalli, ambao walitolewa kwa kobe. Kupe wa aina ya tatu, Amblyomma sparsum, alitolewa kwa kobe na kwa ng'ombe pia, na asilimia 63.6 ya makundi yake ilikuwa na bakteria huyo. Utafiti huohuo ulimpata Hepatozoon fitzsimonsi, kimelea cha damu cha kobe, katika asilimia 2.56 ya makundi yote.

Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu. Asilimia hizo ni za makundi ya kupe. Si za kobe wagonjwa. Tena, kupe mwenye bakteria huenda alimpata kwa mnyama mwingine alipokuwa mchanga, kwa kuwa kupe wa Amblyomma hunyonya wanyama watatu tofauti maishani mwake. Kwa hiyo kobe hajathibitishwa kuwa chanzo cha maji moyo, na kumuua hakuna msingi wa kisayansi. Kilichothibitika ni kwamba kupe wa aina moja, mwenye bakteria huyo, hupatikana kwa kobe na kwa ng'ombe pia.

Marekani ililielewa jambo hili mapema. Baada ya kupe wenye bakteria wa maji moyo kugunduliwa Florida kwenye kobe walioingizwa kutoka Zambia, serikali ilipiga marufuku mwaka 2000 uingizaji wa aina tatu za kobe wa Afrika. Hatari ilisafiri na mnyama aliyebebwa na binadamu.

Hapo ndipo Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, inapoguswa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa wingi huo wa watu, vichaka vimebaki vichache, na ng'ombe wengi wa maziwa hufungiwa zizini. Lakini zizi halijitoshelezi. Majani hukatwa kandokando ya barabara, na mifugo hununuliwa minadani, ikiwamo inayotoka nyanda za chini za kaunti jirani za Homa Bay na Narok. Ng'ombe wa kizungu aliyekulia zizini bila kukutana na vimelea hana kinga. Kupe mmoja aliyeshikilia ndama wa mnadani anaweza kumletea maradhi, na kupe wa Amblyomma hapendi masikio tu: hujificha kwenye kiwele, kinenani, chini ya mkia na katikati ya kwato.

Ndiyo maana maofisa wa mifugo wa kaunti hizi mbili wanapaswa kuanza kukusanya na kupima kupe minadani, hasa wakati wa mvua, badala ya kusubiri ng'ombe afe. Mfugaji naye amtenge mnyama mpya, amnyunyizie dawa na kumkagua mwili mzima kabla ya kumchanganya na wengine. Na anayekutana na kobe njiani amwache alipo: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumfuga bila kibali, na kumhamisha ni kuwahamisha kupe wake pia.