Sauti iliyopwewa: namna wataalamu wa tiba ya usemi wanavyopima na kutibu matatizo ya sauti na njia ya hewa

Nateete, katika divisheni ya Rubaga jijini Kampala, ni mahali ambapo wengi hutafuta riziki kwa sauti. Kondakta huita abiria kwenye steji ya teksi, mchuuzi hunadi bidhaa sokoni, mwalimu husomesha darasa lililojaa, mhubiri na mwadhini huwaita waumini. Mmoja wao anapopwewa na sauti, kwa kawaida hudhani ni mafua au uchovu. Hutafuna tangawizi, hununua vidonge dukani, kisha husubiri.

Mara nyingi kusubiri huko hakuleti madhara, kwa kuwa sauti iliyoharibiwa na mafua hurejea yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu sauti inayokwaruza ndiyo dalili ya kwanza ya saratani, ya kifua kikuu cha koo, au ya uvimbe unaoziba njia ya hewa polepole. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo nchini Marekani, uliotolewa upya mwaka 2018, unaelekeza kwamba sauti isiyopona ndani ya wiki nne ichunguzwe kwa kutazama koo lenyewe. Makala hii inaeleza uchunguzi huo unavyofanyika, na kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi katika kumrudishia mgonjwa sauti na pumzi.

Lango moja, kazi tatu

Sauti hutoka katika kisanduku cha sauti, ambacho kwa jina la kitaalamu huitwa zoloto. Kipo sehemu ya mbele ya shingo, juu ya bomba la hewa. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo ya nyama iitwayo nyuzi za sauti. Tunapovuta pumzi nyuzi hizo hufunguka. Tunapomeza hufunga ili chakula kisiingie mapafuni. Tunaposema hukaribiana na kutetemeka kwa nguvu ya hewa inayotoka mapafuni.

Mtetemo huo ni wa kasi kubwa. Kwa mwanamume mtu mzima hufikia takriban mara 100 hadi 120 kwa sekunde, na kwa mwanamke takriban mara 200. Kwa hiyo, mwalimu wa kike anayetoa sauti kwa jumla ya dakika moja tu huwa amezigonganisha nyuzi zake mara zipatazo 12,000. Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini kupiga kelele siku nzima huzivimbisha.

Kwa kuwa lango ni moja, ugonjwa unaolishika unaweza kuharibu sauti, pumzi na umezaji kwa pamoja. Ndiyo maana mgonjwa aliyekuja kwa ajili ya sauti huulizwa pia kama hukohoa anapokunywa maji, au kama hukosa pumzi anapopanda mlima.

Nani hufanya nini

Daktari wa masikio, pua na koo ndiye anayetambua ugonjwa, kutoa dawa na kufanya upasuaji. Mtaalamu wa tiba ya usemi hupima namna mgonjwa anavyoitumia sauti na pumzi yake, kisha humfundisha njia nyingine ya kuvitumia. Wawili hawa hutegemeana: mazoezi hayaponyi saratani, na upasuaji pekee haumfundishi mtu kuacha mazoea yaliyomjeruhi.

Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kutoa shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, kikiwa cha kwanza katika Afrika Mashariki. Wataalamu bado ni wachache ikilinganishwa na mahitaji, na wengi wao wako mjini.

Hatua za uchunguzi

Uchunguzi huanza kwa mazungumzo. Mtaalamu huuliza tatizo lilianza lini, lilianza ghafla au polepole, na mgonjwa hufanya kazi gani. Huuliza kuhusu sigara, pombe, moshi wa kuni na makaa, kiungulia, kiharusi, upasuaji wa shingo, na kama mgonjwa amewahi kuwekewa mpira wa kupumulia hospitalini. Baadhi ya wataalamu hutumia dodoso la maswali 30 lililochapishwa Marekani mwaka 1997, ambalo hupima kadiri tatizo la sauti linavyomzuia mtu katika kazi, katika jamaa na moyoni mwake.

Hatua ya pili ni kusikiliza. Kipimo kilichobuniwa na madaktari wa Japani huipa sauti alama kuanzia 0 hadi 3 katika mambo matano: ukubwa wa kasoro kwa jumla, mikwaruzo, hewa inayovuja, unyonge na mkazo. Sikio lililozoezwa hupata mengi hapo. Sauti yenye hewa nyingi huashiria kwamba nyuzi hazikutani vizuri. Sauti iliyokazwa huashiria kwamba misuli ya shingo inafanya kazi isiyo yake.

Kisha hupimwa muda. Mgonjwa huvuta pumzi na kutamka “aaa” mpaka pumzi iishe. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hufika sekunde 15 au zaidi. Anayeshindwa kufika 10 huhitaji kuangaliwa kwa makini. Huombwa pia arefushe “sss”, kisha “zzz”. Sauti ya “s” haihitaji mtetemo wa nyuzi, ilhali “z” inauhitaji. Iwapo “z” inakatika mapema kuliko “s” kwa tofauti kubwa, huenda mapafu ni mazima na tatizo liko kwenye nyuzi.

Hatua isiyopaswa kurukwa ni kutazama. Mwaka 1854, mwalimu wa uimbaji kutoka Hispania aitwaye Manuel García alitumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi. Leo daktari hupitisha puani mrija mwembamba wenye kamera. Mahali penye vifaa zaidi hutumika taa inayomweka kwa kasi iliyopangwa, ili mtetemo usioonekana kwa macho uonekane kana kwamba unakwenda polepole.

Lugha ina nafasi yake katika hatua zote hizi. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili na asiyejua vyema Kiingereza au Luganda aseme hivyo mapema na kuomba mkalimani. Maelezo nusu huleta uchunguzi nusu, na zoezi lisiloeleweka halifanyiki nyumbani.

Matibabu ya sauti

Tiba huanza kwa kuondoa kinachoumiza. Mgonjwa hushauriwa kunywa maji mara kwa mara, kuacha sigara, kupunguza kupaza sauti penye kelele, na kuacha tabia ya kusafisha koo kwa kukohoa kila dakika. Kunong’ona kwa nguvu hakupumzishi sauti, kwani huweza kuikaza zaidi. Mwalimu au mhubiri anayeweza kupata kipaza sauti akitumie.

Baada ya hapo huja mazoezi. Mojawapo halihitaji mashine: mgonjwa huweka mrija wa soda katika glasi ya maji, akatoa sauti ya “uuu” kupitia mrija huo hadi mapovu yaonekane. Hewa inayorudishwa nyuma na mrija huzisaidia nyuzi kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Jingine ni kuvumisha sauti ukiwa umefumba midomo, mpaka mtetemo usikike midomoni na puani badala ya kukabwa kooni.

Vinundu vinavyoota juu ya nyuzi kwa sababu ya kupiga kelele, vinavyowapata walimu, waimbaji na watoto, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mazoezi kabla ya kufikiria upasuaji. Mgonjwa ambaye uzi wake mmoja umepooza, labda baada ya upasuaji wa rovu, huenda akahitaji daktari ausogeze uzi huo katikati kwa sindano au upasuaji, pamoja na mazoezi. Kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, upo mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1987 unaomfundisha mgonjwa kusema kwa sauti kubwa zaidi, vipindi vinne kwa wiki kwa muda wa wiki nne.

Pumzi inapokwama

Wapo watu ambao nyuzi zao hufunga wakati wa kuvuta pumzi, badala ya kufunguka. Hali hii hufanana na pumu, na wengine hutumia dawa ya pumu kwa miaka bila nafuu. Pumu kwa kawaida hubana kifua na kutoa mluzi pumzi inapotoka. Hali hii hubana koo, sauti husikika pumzi inapoingia, nayo huja na kuondoka ghafla. Mtaalamu humfundisha mgonjwa kunusa hewa kwa pua, kisha kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, hadi nyuzi zilegee. Hata hivyo, mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Asiache dawa ya pumu bila idhini ya daktari.

Kikohozi cha muda mrefu kisicho na sababu nyingine nacho hupunguzwa kwa mazoezi ya kukizuia. Lakini hapa Uganda kikohozi cha wiki mbili au zaidi hupaswa kwanza kupimwa kifua kikuu.

Mgonjwa aliyetobolewa shingo ili apumue kupitia mrija hupoteza sauti, kwa kuwa hewa haifiki tena kwenye nyuzi. Baadhi yao husaidiwa na vali ndogo inayoruhusu hewa kuingia kwa mrija na kutokea mdomoni. Vali hiyo haiwekwi kamwe wakati puto la mrija limejazwa, maana mgonjwa hatapata pa kutolea pumzi. Aliyeondolewa zoloto kwa sababu ya saratani pia anaweza kujifunza kusema upya, kwa kifaa cha umeme, kwa vali, au kwa hewa ya umio.

Kwa watoto, kuna ugonjwa wa vijinyama vinavyoota kwenye nyuzi, unaosababishwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Daktari huviondoa, na mara nyingi hulazimika kurudia kwa sababu huota tena. Mtoto ambaye sauti yake inazidi kukwaruza, kisha pumzi yake inaanza kutoa mlio, hahitaji mazoezi kwanza. Anahitaji kutazamwa koo haraka.

Lini uende hospitali

Usisubiri wiki nne iwapo sauti imebadilika na una uvimbe shingoni, unakohoa damu, unameza kwa shida, unakonda bila sababu, unavuta sigara, au umetoka kufanyiwa upasuaji wa shingo. Pumzi inayotoa mlio mkali inapoingia, au ngozi ya shingo inayobonyea kila mgonjwa anapovuta hewa, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Kwa mkazi wa Nateete, safari huweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu. Hospitali za Mengo na Lubaga ziko katika divisheni hiyo hiyo ya Rubaga, na Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago ina idara ya masikio, pua na koo. Omba barua ya rufaa, andika tarehe sauti ilipoanza kubadilika, na chukua dawa zote unazotumia. Uliza pia swali hili kabla ya kukubali dawa nyingine ya kikohozi: je, kuna aliyeitazama zoloto yangu?