Kijusi cha Stockholm na Jina la Ndovu wa Asia

Katika makumbusho ya viumbe ya mji wa Stockholm, nchini Sweden, pana chupa yenye kijusi cha ndovu kilichotiwa katika spiriti. Ni kijusi kizima, tangu mkonga hata mkia, na umri wake katika chupa unakaribia miaka mia tatu. Kwa muda mrefu kilitajwa kuwa ni shahidi wa jina la ndovu wote wa Asia. Mwaka 2013 ushahidi huo ulivunjika, ikajulikana ya kuwa mnyama yule hakuwa wa Asia hata kidogo.

Mwenye kijusi hapo kwanza alikuwa Albertus Seba, mwuza dawa tajiri wa Amsterdam, aliyependa kukusanya nyoka, makome, ndege na kila ajabu iliyoletwa na mabaharia. Picha ya kijusi chake ilipigwa chapa mwaka 1734 katika kitabu kikubwa cha hazina zake. Seba alifariki mwaka 1736; mali yake ikanadiwa mwaka 1752, na kijusi kikaangukia mikononi mwa Adolf Fredrik, Mfalme wa Sweden. Aliyepewa kazi ya kuandika orodha ya vitu vya mfalme alikuwa Carl Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea na wanyama katika zama zake.

Mwaka 1758 Linnaeus alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake *Systema Naturae*, ambacho wataalamu wamekubaliana kuwa ndicho mwanzo wa majina yote ya kitaalamu ya wanyama. Humo ndovu alipewa jina la *Elephas maximus*, na makao yake yakaandikwa kuwa ni mabwawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Linnaeus hakutenga ndovu wa Afrika na ndovu wa Asia. Wote kwake walikuwa spishi moja. Waswahili wana majina mawili, tembo na ndovu, kwa mnyama mmoja. Linnaeus alikuwa na jina moja kwa wanyama wawili. Hata mwaka 1797 ndipo Blumenbach, mtaalamu wa Kijerumani, alipompa ndovu wa Afrika jina lake peke yake.

Si haki kumcheka Linnaeus kwa hilo, walakini inafaa kukumbuka ya kuwa wafanya biashara walikuwa wamekwisha ona tofauti zamani sana. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii katika karne ya kumi, ameandika ya kuwa pembe za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. India ilikuwa na ndovu wake. Nayo ikanunua pembe za ng'ambo. Mnunuzi hatoi fedha kuagiza mbali kitu alicho nacho nyumbani, isipokuwa ameona ya kuwa si kitu kile kile.

Basi ubaya wa kosa la chupa ni nini, maadamu ndovu wenyewe hawajui wanaitwaje? Jibu limo katika sheria za majina. Jina la spishi halifungwi kwenye maelezo ya maneno, kwa kuwa maneno huweza kufasiriwa hivi na hivi. Hufungwa kwenye mwili, yaani kielelezo kimoja kilichohifadhiwa mahali panapojulikana. Kielelezo kikigeuka, jina hugeuka nacho. Kama kijusi cha Seba kingalikuwa ndicho kielelezo pekee, jina la 1758 lingalihamia Afrika, na ndovu wa Asia angalibaki akitafutiwa jina jingine. Nalo si jambo la vitabuni tu. Katika mkutano wa Lausanne wa mwaka 1989, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza ndovu wa Afrika awekwe katika daraja ya wanyama ambao biashara yao ya kimataifa imepigwa marufuku, daraja ambayo ndovu wa Asia alikuwa amekwisha wekwa. Katika mikataba ya namna hiyo kila mnyama huandikwa kwa jina lake la kitaalamu, na palipo na jina lenye mashaka, mwenye hila hupata mlango.

Mashaka juu ya kijusi yalianza kwa macho, kwa sababu umbo lake lilionekana kuwa la Kiafrika. Lakini macho yanaweza kubishaniwa, hasa kwa mnyama asiyezaliwa bado. Ndipo wataalamu, miongoni mwao Enrico Cappellini na Tom Gilbert wa Copenhagen, walipoiendea nyama yenyewe. Kazi haikuwa nyepesi. Vinasaba vya mnyama aliyekaa katika spiriti kwa karne nyingi hukatikakatika vipande vidogo, mfano wa barua iliyoloa na kuchanika. Kwa hiyo hawakutegemea vinasaba peke yake. Walichunguza pia protini, ambazo aghalabu hudumu kuliko vinasaba. Protini ni mnyororo wa asidi amino, na mpangilio wa mnyororo huo hutokana na maagizo ya jeni. Mahali ambapo jeni za ndovu wa Asia na za ndovu wa Afrika zimetofautiana, pete moja ya mnyororo huweza kuwa nyingine. Atakayeisoma pete hiyo ameisoma jeni, ijapokuwa jeni yenyewe imekwisha haribika. Umbo, vinasaba na protini vilisema neno moja: kijusi kilikuwa cha ndovu wa Afrika.

Hapo jina lilibaki bila mwili, na waliolivunja ndio waliolazimika kulijenga. Wakarudi katika maandishi ya Linnaeus wakaona ya kuwa hakutegemea kijusi tu, bali alimtaja pia John Ray, Mwingereza, aliyeeleza habari za ndovu katika kitabu chake cha mwaka 1693. Ray alikuwa amezuru Florence, nchini Italia, mwaka 1664, na huko aliona mifupa ya ndovu. Je, mifupa hiyo ingaliko? Iliko: kiunzi karibu kizima, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Florence.

Nacho kilikuwa na jina. Ndovu yule alikuwa jike aliyeitwa Hansken, mzaliwa wa Ceylon, aliyefikishwa Uholanzi mwaka 1633 angali mtoto. Rembrandt alimchora mwaka 1637. Alitembezwa mji kwa mji katika Ulaya, akifundishwa kupunga bendera na kushika upanga kwa mkonga ili watazamaji watoe fedha, hata akafa Florence tarehe 9 Novemba 1655, umri wake yapata miaka ishirini na mitano, ilhali ndovu huweza kuishi miaka sitini. Mtawala wa mji aliuchukua mzoga, na mifupa ikaunganishwa. Waliomhifadhi hawakufikiria elimu ya majina, ambayo haijakuwapo bado, walihifadhi kioja.

Umbo la mifupa na vinasaba vyake vilithibitisha ya kuwa Hansken ni ndovu wa Asia, akatangazwa kuwa kielelezo halisi cha *Elephas maximus*. Kwa sababu Linnaeus alikuwa ameutumia ushahidi wa Ray, hapakuwa na haja ya kubadili hata herufi moja ya jina. Kilichobadilika ni mwili unaolibeba. Kijusi cha Seba kingali Stockholm.

Ndovu wa Afrika nao hawakumalizika. Tangu mwaka 2001 elimu ya vinasaba imeonyesha ya kuwa ndovu wa msitu, kama wale wa Kongo, wametengana mno na ndovu wa mbuga, na mwaka 2021 hali ya kila mmoja ilipimwa mbali katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini: wa mbuga wamo hatarini, na wa msitu wamo katika hatari kubwa zaidi.