Pembe ya Jicho: Historia Fupi ya Kurekebisha Astigimatizimu

Insha hii inauliza: kwa nini kasoro ya macho iliyoelezwa tangu mwaka 1801 bado inawaacha baadhi yetu nyuma? Hoja yangu ni kwamba astigimatizimu haikubali tiba ya jumla. Kila jicho lina pembe yake, na historia ya tiba ni historia ya kuitafuta pembe hiyo.

Mara nyingi chanzo ni konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Badala ya kuwa mviringo kama mpira, inapinda mfano wa yai, na mwanga haukutani mahali pamoja. Mimi ni mmoja wa wenye hali hiyo. Nikitelemka Muhima usiku kuelekea Nyabugogo bila miwani, taa za pikipiki huwa michirizi.

Mwingereza Thomas Young aliigundua katika jicho lake mwenyewe. Mwaka 1825 George Airy wa Cambridge alipima jicho lake la kushoto, na fundi wa Ipswich aitwaye Fuller akamsagia lenzi ya silinda, yenye nguvu zaidi upande mmoja. Lenzi hiyo lazima ikae kwenye pembe sahihi.

Lenzi za kuvaa jichoni zilifuata. Mwaka 1888 Adolf Fick, daktari wa Zürich, alichapisha habari za lenzi zake za kioo, zilizovalika kwa saa chache tu. Mwaka 1948 Mmarekani Kevin Tuohy alileta lenzi ndogo ya plastiki ngumu. Machozi yalijaza nafasi kati yake na konea, kasoro ikasawazishwa. Mwaka 1961 Otto Wichterle wa Prague alitengeneza lenzi laini kwa mashine aliyoiunda nyumbani kwa vipande vya mchezo wa watoto. Ilivalika kwa raha, lakini kwetu ilikuwa kurudi nyuma, kwani lenzi laini hufuata umbo la konea. Ndipo ikaja lenzi ya toriki, ambayo nyingine hufanywa nene upande wa chini ili isizunguke na kupoteza pembe.

Rwanda ilianzia kwingine. Kati ya 2012 na 2017 Wizara ya Afya na shirika la Vision for a Nation ziliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya zaidi ya 500 kupima macho. Miongoni mwa miwani iliyotolewa ni ile ambayo mvaaji hurekebisha nguvu yake mwenyewe. Kazi hiyo inastahili sifa, kwa sababu huduma ilifika vijijini. Hata hivyo, miwani hiyo haina silinda.

Kwa kuhitimisha, upana umetangulia. Sasa usahihi ufuate. Lenzi nyingi za toriki hudai dawa ya kuoshea na usafi wa kila siku, kwa hiyo kwa wanafunzi wengi miwani ya silinda ndiyo hatua ya kwanza. Mtoto ambaye miwani ya kawaida haimsaidii apelekwe kwa mtaalamu, asiambiwe azoee.