Kutoka Utendi Hadi Simu: Nani Ameshika Kipimo cha Uzuri?

Kila unapozuka mjadala kuhusu mkorogo, nywele za bandia au dawa za kuongeza makalio, lawama huangukia sehemu mbili: kwa Wazungu waliotuharibia fikra, au kwa msichana mwenyewe anayedaiwa kutojikubali. Lawama zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini historia ya pwani na ya miji yetu inatupeleka kwingine. Kipimo cha uzuri wa mwanamke kimebadilika kila kilipobadilika chombo cha kumwonyesha, iwe utendi, picha ya studio, jukwaa la mashindano, televisheni au simu. Na kila chombo kimekuwa na mwenyewe, mtu aliyekigharamia na kutaka faida yake. Huyo ndiye asiyeulizwa.

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mnamo 1858 na mjane wa Sheikh Mataka wa Siu, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Hapo mwanamke anatunga na mwanamke anasomewa. Urembo anaousisitiza mama huyo ni kazi ya mikono: nywele zichanwe, maua yatungwe, kucha zitiwe hina, wanja upakwe, marashi yasikosekane. Hamtaki binti awe na kiuno cha namna fulani wala ngozi ya rangi fulani. Ni kweli kwamba lengo la yote hayo ni kumridhisha mume, na ni kweli pia kwamba mausia haya yalitoka katika nyumba ya waungwana yenye watumwa wa kufanya kazi nzito. Hata hivyo, uzuri unaosifiwa ni jambo ambalo mwanamke hulitenda, na akizeeka bado anaweza kulitenda.

Msomaji makini atapinga mara moja. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, za kale zaidi kuliko huo utendi, zinamsifu mwanamke kuanzia nywele hadi miguu, kiungo kwa kiungo. Kwa hiyo mwili ulipimwa tangu zamani. Nakubali. Lakini shairi halina picha. Kila msikilizaji alimchora bibi huyo akilini kwa sura aijuaye yeye, na hakuna binti aliyeweza kujilinganisha naye kwenye kioo. Pingamizi zito zaidi linahusu rangi. Wengi husema kwamba kuthamini weupe kuliletwa na wakoloni, na kwamba kabla yao kila rangi ilikuwa sawa. Kitabu cha Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kama Emily Ruete, hakituruhusu kusema hivyo. Kilichapishwa Berlin mwaka 1886, na mwandishi wake, mtoto wa Sultani Seyyid Said na suria wa Kicherkesi, anaeleza maisha ya jumba la Mtoni, Unguja. Anasimulia jinsi masuria kutoka milima ya Kaukazi walivyojiona bora kuliko wenzao wa Kihabeshi, hata wakakataa kula nao pamoja. Hiyo ilikuwa miongo kadhaa kabla bendera ya Uingereza haijapandishwa Unguja. Soko la watumwa lilikuwa na bei zake za ngozi, na bei hizo zikaingia katika macho ya watu. Anayetaka kuondoa ugonjwa huu lazima akubali kwamba sehemu yake ilizaliwa nyumbani.

Kamera ilipofika, mambo yaligeuka. Studio za Unguja za mwishoni mwa karne ya 19, zikiwemo za Gomes na Coutinho, wapigapicha wenye asili ya Goa, zilitengeneza picha na kadi za posta zilizonunuliwa na wageni waliopita kwa meli. Wanawake waliopigwa picha kwa ajili ya biashara hiyo waliketishwa, wakavishwa na kupangwa kadiri mnunuzi alivyotarajia kumwona mwanamke wa Kiswahili. Majina yao mara nyingi hayakuandikwa. Kadi ilitaja aina ya mtu, ikamwacha mtu mwenyewe. Wakati huohuo, nje ya studio, wanawake walikuwa wakijitengenezea kipimo chao. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wale waliokuwa wakivaa kaniki na merikani walizishika kanga na buibui kwa shauku, kwa kuwa mavazi hayo yalitangaza kuwa mvaaji si mtumwa tena. Urembo wa kanga ulitoka kwa wavaaji. Urembo wa kadi ya posta ulitoka kwa mnunuzi. Vyote viwili vilikuwa katika mji mmoja, na tofauti yake ni nani alilipa na kwa nini.

Kuna ushahidi mmoja ambao huwa hautajwi katika mijadala hii, nao ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mnamo 1880 katika familia duni, akauza vyungu, na alipoanza kung'ara mjini washindani wake walimdhihaki kwa nasaba yake na kwa sura yake. Aliwajibu kwa wimbo. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, anamheshimu kama mtu aliyeshinda dharau kwa akili na sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikamfanya nyota katika Afrika Mashariki. Chombo kilichomtangaza hakikuwa na jicho. Msikilizaji wa Mombasa au Dar es Salaam alimfahamu kwa sauti kabla ya kumwona, kama alipata kumwona kabisa. Sisemi kwamba televisheni ingemkataa, hilo halipimiki. Nasema kwamba msichana wa leo mwenye sauti kama yake hafiki redioni kabla ya kuulizwa video iko wapi.

Picha za rangi nazo zilikuja na upendeleo ndani ya kemikali zake. Kwa miongo mingi Kodak ilisawazisha rangi katika maabara kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi waliziita kadi hizo Shirley. Ngozi nyeusi ilitoka ikiwa giza lisilo na maumbo. Marekebisho makubwa yalisukumwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuonekana vizuri katika matangazo. Binti aliyetoka studio na picha ambayo sura yake imepotea hakuwa na njia ya kujua kwamba kasoro ilikuwa katika filamu. Krimu za kung'arisha ngozi kama Ambi zilipotangazwa katika magazeti ya Afrika ya miaka ya 1960, zilikuta mteja ambaye picha ilikwisha kumwambia kwamba amekosea kuwa mweusi.

Dola nayo ilidai mamlaka yake. Miss Tanzania ilifanyika mwaka 1967, kisha mashindano hayo yakapigwa marufuku. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana zisionekane Dar es Salaam. Hata kabla ya tarehe hiyo wasichana walivamiwa mitaani Kariakoo. Watetezi walisema wanalinda utamaduni, na hoja yao dhidi ya krimu ilikuwa ya haki. Lakini katika miaka ileile serikali iliendesha kampeni nyingine, ya kuwataka Wamasai waache lubega na kuvaa nguo za kisasa. Yaani wa mjini alionekana amejifunua mno kwa uzungu, na wa porini amejifunua mno kwa uasili. Kampeni zote mbili ziliamua jinsi mwili wa raia utakavyoonekana machoni pa wageni na mbele ya kamera za taifa, na aliyepigwa njiani alikuwa msichana. Mwenye duka aliyeagiza krimu hakuvuliwa nguo na mtu.

Mwaka 1994 mashindano yalirudi, na mwaka huohuo televisheni za watu binafsi zikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Sidhani kama ni sadfa tupu, maana jukwaa linahitaji watazamaji na mdhamini huwafuata watazamaji waliko. Kipimo kilichorudi kilikuwa cha kimataifa, kimo kirefu na wembamba, huku mtaani bado wakisifia figa namba nane. Nancy Sumari alishinda taji la Miss World Afrika mwaka 2005. Miaka miwili baadaye Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Ilishangaza, ingawa nchini kwake wasichana wengi wa shule hulazimishwa kunyoa nywele kwa jina la nidhamu. Kichwa kilekile ni adabu darasani na ni ujasiri jukwaani.

Zipo sauti zinazosema mambo yamekwisha kunyooka. Lupita Nyong'o, Mkenya mwenye ngozi nyeusi, alipata Oscar mwaka 2014, na mwaka huohuo jarida la People likamtangaza mrembo kuliko wote. Simu imempa kila binti kamera yake mwenyewe. Nafurahia mabadiliko haya na sitayadharau. Ila kamera ya simu huja na vichujio vinavyong'arisha ngozi na kupunguza pua kwa mguso mmoja, na waliovitengeneza hawaishi Temeke wala Kisumu. Binti anashika simu, lakini kipimo kimekwisha pangwa ndani yake. Halafu tunamshangaa anapokwenda dukani kununua kitu cha kumfananisha na picha yake.

Mwaka 2018 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku katika nchi wanachama. Hatua hiyo ni njema, nayo inagusa chupa peke yake, haigusi picha. Ufaransa tangu 2017 inataka picha ya kibiashara iliyobadilisha umbo la mwanamitindo iandikwe kwamba imerekebishwa, na Norwei ikaweka sheria ya aina hiyo iliyoanza kutumika 2022. Bunge lile, pamoja na mamlaka zetu za mawasiliano, zinaweza kudai hivyo kwa kila bango, video ya tangazo na picha inayolipiwa mtandaoni. Wahariri na wadhamini wasisubiri sheria. Waanze sasa, wamwache msichana wa Kariakoo apite njia yake.